Maswali ya Wasomaji: Kusimamia Vifaa vya Mtandao Ukiwa Mbali

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wenye kazi moja: vifaa viko kule, fundi yuko huku, na kati yao kuna laini inayopenda kukatika saa ile ile inapohitajika. Amri tulizoandika ni za Cisco IOS, programu inayoendesha ruta na swichi za Cisco, pale tusipotaja vingine. Vifaa vya watengenezaji wengine vina amri zinazolingana nazo.

SWALI: Wahariri, salaam. Nasimamia matawi tisa, kila moja lina ruta moja, swichi mbili na vituo vinne vya Wi-Fi. Ili nizifikie ruta nimeufungua ukurasa wa mipangilio kwenye intaneti, nikaweka nenosiri refu na kuhamisha poti (namba ya mlango wa huduma) kutoka 443 kwenda 8443. Mwenzangu kazini anasema nimejianika. Nimekosea wapi, na nianzie wapi kurekebisha?

JIBU: Mwenzako amesema kweli, ndugu. Nenosiri refu humzuia anayebahatisha nenosiri. Halimzuii anayepitia tundu lililo ndani ya programu yenyewe, kabla hata hajaulizwa yeye ni nani. Mwaka 2018 huduma ya Winbox ya ruta za MikroTik, poti 8291, ilikutwa na tundu la namna hiyo (CVE-2018-14847): mtu wa nje aliweza kusoma faili la watumiaji na kuondoka na manenosiri. Mwaka 2023 ikawa zamu ya ukurasa wa wavuti wa Cisco IOS XE (CVE-2023-20198), ambapo asiye na akaunti yoyote alijifungulia akaunti ya ngazi ya 15, yaani mamlaka ya juu kabisa. Kuhamisha poti nako hakufichi kitu, kwa sababu poti zote ni 65,535 tu na mashine za upekuzi huzipitia zote.

Usiufunge mlango huo sasa hivi, maana ndio pekee ulio nao. Leo hii uwekee mpaka: ruta ikubali anwani ya IP ya makao makuu peke yake. Kisha jenga handaki la VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, litumie siku kadhaa mpaka uliamini, ndipo ufunge ukurasa ule moja kwa moja:

no ip http server
no ip http secure-server

Kabla ya kugusa kifaa chochote, panga anwani kwenye karatasi. Una vifaa 63, na bila mpango utapotea. Tenga VLAN moja ya usimamizi (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile) katika kila tawi, tuseme VLAN 90, isiyo na kompyuta ya mtumiaji yeyote. Usitumie VLAN 1, kwa kuwa poti zote (matundu ya kebo) za swichi mpya huwa ndani yake tangu kiwandani. Tawi la kwanza lipewe 10.90.1.0/24, la pili 10.90.2.0/24, hadi la tisa. Ndani ya kila tawi namba .1 iwe ruta, .2 na .3 swichi, na .11 hadi .14 vituo vya Wi-Fi. Ukipata taarifa usiku wa manane kwamba 10.90.6.3 imezima, utajua bila kufungua daftari kuwa ni swichi ya pili ya tawi la sita.

Handaki lianzishwe na tawi kuelekea makao makuu, si kinyume chake. Kwa njia hiyo tawi halihitaji kufungua poti hata moja upande wa intaneti. Ruta za MikroTik zenye RouterOS 7 na zile zinazoendeshwa kwa Linux zina WireGuard, programu ya kujenga handaki hilo. Cisco IOS haina, huko tumia IPsec, aina nyingine ya VPN, au weka kompyuta ndogo ya Linux nyuma ya ruta ifanye kazi hiyo. Kwa WireGuard, makao makuu hufungua poti moja tu ya UDP, kwa kawaida 51820, na haijibu pakiti yoyote isiyotoka kwa mwenye ufunguo unaojulikana, hivyo mpekuzi haoni kitu. Kila tawi liwe na jozi yake ya funguo. Upande wa tawi weka PersistentKeepalive = 25, yaani pakiti ndogo kila sekunde 25, kwa sababu vifaa vya NAT vilivyo njiani (vinavyoficha anwani nyingi nyuma ya moja) husahau mazungumzo yaliyonyamaza.

Kuna kosa moja hapa linalowasumbua watu siku nzima. Kwenye AllowedIPs za makao makuu, yaani orodha ya anwani zinazopita kwenye handaki la kila tawi, kila tawi liandikiwe anwani zake peke yake. Ukinakili mistari ya tawi la 3 kutengeneza la 4 na ukasahau kubadilisha 10.90.3.0/24, WireGuard haitalalamika. Anwani zile zitahamia kwa tawi lililoandikwa mwisho, na tawi la 3 litanyamaza kimya huku handaki lake likionekana halina kosa.

Ndani ya kila kifaa ruhusu SSH (njia ya siri ya kuingia na kuandika amri) peke yake, na kutoka anwani za usimamizi tu. Zingatia mstari wa pili wa VTY, yaani laini za kuingilia kifaa kwa mbali:

access-list 10 permit 10.90.0.0 0.0.255.255
line vty 0 4
 transport input ssh
 access-class 10 in
 exec-timeout 10 0
line vty 5 15
 transport input ssh
 access-class 10 in
 exec-timeout 10 0

Wengi hulinda 0 hadi 4 wakasahau 5 hadi 15. Vikao vitano vya kwanza vikijaa, cha sita huangukia kwenye laini isiyo na ulinzi. Kama orodha yako ya ruhusa haina anwani ya kompyuta ya makao makuu utakayoingilia, iongeze kabla ya kuifunga kwenye VTY, vinginevyo utajifungia nje. Na kama swichi inajibu pingi (ujumbe wa kujaribu kama kifaa kipo) kutoka ruta ya tawi lake lakini haijibu kutoka makao makuu, angalia ip default-gateway. Swichi isiyo na njia ya kurudishia majibu hupokea maswali yako yote na isijue pa kuyajibia.

SWALI: Handaki langu la VPN limesimama, pingi inarudi vizuri, lakini nikifungua SSH kwenda ruta ya tawini, skrini inabaki tupu mpaka muda unaisha. Ukurasa wa wavuti nao unaanza kufunguka kisha unakwama. Faiwolo nimeiangalia mara tatu.

JIBU: Faiwolo haina kosa. Dalili hizi ni za MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita kwenye laini. Pingi ya kawaida ni pakiti ndogo na inapita. SSH inaanza kwa pakiti ndogo nazo zinapita, kisha pande mbili zinabadilishana funguo kwa pakiti kubwa, na hapo ndipo inaponasa. Ukiendesha ssh -v utaona mstari wa mwisho unasema inasubiri jibu la KEX (huko kubadilishana funguo), kisha kimya.

WireGuard huweka MTU ya 1420 ikidhani laini iliyo chini yake inabeba baiti 1500. Laini ya PPPoE, aina ya laini ya intaneti inayoongeza kichwa chake kwenye pakiti, hubeba 1492, kwa hiyo handaki linatakiwa kuwa 1412. Laini za simu zinaweza kubeba pungufu zaidi. Usikisie, pima kutoka kompyuta ya Linux kwenda anwani ya nje ya upande wa pili, ukikataza pakiti isikatwe vipande:

ping -M do -s 1464 anwani

Jumlisha 28 (vichwa vya IP na ICMP) kwa namba kubwa inayopita, na hiyo ndiyo MTU ya laini: 1464 na 28 ni 1492. Toa 80 (nafasi ya vichwa vya WireGuard) upate ya handaki. Weka namba hiyo pande zote mbili. Ukitaka kulala usingizi bila kupima kila tawi, 1280 hupita karibu popote, ila pakiti zinaongezeka na kasi inapungua kidogo. Kwa handaki la usimamizi peke yake hasara hiyo haina uzito.

SWALI: Nilikuwa naongeza VLAN 30 kwenye swichi iliyo mbali. Nikaandika switchport trunk allowed vlan 30, nikabonyeza Enter, na kila kitu kikafa. Nini kilitokea? Na ningejikinga vipi?

JIBU: Amri ile haiongezi, inafuta orodha nzima ya VLAN zinazoruhusiwa kupita kwenye laini hiyo na kubakiza 30 peke yake. VLAN 90 uliyokuwa umepanda kuingia humo iliondolewa pamoja na nyingine zote. Ulichotaka ni hiki:

switchport trunk allowed vlan add 30

Neno hilo moja, add, limewasafirisha mafundi wengi kwenda kubonyeza kitufe kilicho mbali.

Kinga ipo, na inafaa kwa kila badiliko linalogusa njia unayoingilia. Kwanza hifadhi hali nzuri ya sasa kwa write memory. Kisha andika reload in 10. Swichi itajizima na kuwaka baada ya dakika 10 na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa, isipokuwa ukiisimamisha. Fanya badiliko lako. Sasa fungua kikao kipya cha SSH, usitegemee kile cha zamani. Kikao kilichokwisha kufunguka huweza kuendelea kuishi huku vipya vyote vikikataliwa, na huo ni mtego mbaya, kwa sababu utauona ukiwa umeshatoka. Kikao kipya kikifunguka, andika reload cancel, ndipo uhifadhi. Anayehifadhi kabla ya kujaribu ameitupa kinga yake, maana swichi ikiwaka itawaka na kosa lile lile.

Kumbuka kwamba kuwaka upya kunakata watumiaji wote kwa dakika kadhaa, kwa hiyo chagua saa. Juniper wana njia laini zaidi: commit confirmed 5 inarudisha mipangilio ya awali baada ya dakika 5 bila kuzima kifaa, na usipoweka namba inasubiri dakika 10. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl+X kuingia hali ya usalama: muunganisho ukikatika kabla hujatoka humo, mabadiliko yanajifuta.

Na mpangilio wa kazi: ukibadilisha pande mbili za laini moja, anza na kifaa cha mbali, malizia na cha karibu. Ukianza na cha karibu umejikatia njia ya kukifikia cha mbali.

SWALI: Tuna vituo viwili vikubwa ambavyo hatuwezi kukubali vipotee. Tunataka njia ya pili ya kuingilia, hata intaneti kuu ikikatika. Tununue nini, na tuweke modemu ya simu kwa namna gani? Tulijaribu modemu moja lakini haifikiki kutoka nje.

JIBU: Swali hili ndilo tungependa kila msomaji ajiulize kabla ya yote. Njia ya kukifikia kifaa isipite ndani ya kifaa hicho hicho. Inaonekana jambo la wazi, lakini hata wakubwa limewakamata. Tarehe 4 Oktoba 2021 amri moja ya matengenezo iliitenganisha mitandao ya ndani ya Facebook, na kampuni ikapotea hewani kwa takribani saa sita. Njia yao ya akiba ya kuingilia nayo haikufanya kazi, ikabidi wahandisi waende wenyewe kwenye vituo. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya Rogers nchini Kanada iliangusha mtandao wake wa nchi nzima, na mtandao wa usimamizi ulikuwa umepanda juu ya mtandao ule ule ulioanguka.

Kwa kituo kimoja kama chenu vifaa vyenyewe si vingi. Kompyuta ndogo ya Linux, au seva ya konsoli (konsoli ni tundu la kuingilia kifaa moja kwa moja kwa kebo) iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kama vifaa vinazidi vinne. Adapta moja ya USB kwenda siria (serial) kwa kila kifaa. Kebo ya konsoli ya RJ-45 kwa kila kifaa, ile ambayo nyaya zake zimegeuzwa kinyume upande wa pili, kebo ya kawaida ya mtandao haitafanya kazi. Modemu ya LTE (4G) yenye antena ya kutoa nje, kwa sababu ndani ya kabati la chuma mawimbi hufifia. UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) yake yenyewe.

Kasi ya konsoli ya Cisco ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. MikroTik hutumia 115200. Ukiona herufi zisizosomeka, kasi ndiyo haijalingana. Ukiona hakuna kitu kabisa, angalia kebo. Adapta za USB zikiwa zaidi ya moja, usiziite ttyUSB0 na ttyUSB1, kwa sababu mpangilio huo hubadilika kompyuta ikiwaka upya, na siku ya shida utajikuta unaandika amri ndani ya kifaa kisicho chenyewe. Tumia majina yaliyo chini ya /dev/serial/by-id, ambayo hufuata namba ya adapta yenyewe.

Kadi ya simu iwe ya kampuni isiyobeba laini yenu kuu, na waulizeni kama mnara wao haulishwi na faiba ile ile. Njia mbili zinazokutana kwenye mtaro mmoja ni njia moja.

Kwa nini modemu yenu haifikiki? Tazama anwani iliyopewa. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au inaanza na 10, iko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu, na hakuna wa nje anayeweza kuanzisha mazungumzo nayo. Hakuna cha kurekebisha upande wenu. Dawa ni ile ya swali la kwanza: kompyuta ndogo yenyewe ianzishe handaki kwenda nje na ilishikilie. Pakiti za kila sekunde 25 hula chini ya megabaiti moja kwa siku, kifurushi kidogo kabisa kinatosha. Lakini lisiishie makao makuu tu. Makao makuu yakiwa ndiyo yaliyokatika, handaki hilo halina pa kufika. Liwe na mwisho wa pili kwenye seva ya kukodi iliyo mahali pengine.

Kuna jambo la saa ambalo wachache hulitarajia. Kompyuta nyingi ndogo hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika, saa yake hurudi nyuma. Salamu ya kwanza ya WireGuard hubeba muda ndani yake, na upande wa pili hukataa salamu yoyote ambayo muda wake si mpya kuliko ile ya mwisho, ukidhani kuna mtu anarudia pakiti za zamani. Matokeo yake kituo kinawaka, modemu ina mtandao, na handaki halisimami. Weka moduli ya saa yenye betri, DS3231 ni ya kuaminika, na panga NTP (huduma ya kulinganisha saa) ipite moja kwa moja kwenye modemu, si ndani ya handaki. Saa inayosubiri handaki, na handaki linalosubiri saa, havitakutana kamwe.

Mara moja kwa mwezi ikate laini kuu kwa makusudi na uingie kwa njia ya akiba hadi kwenye konsoli ya ruta. Kifurushi kilichoisha muda, kadi iliyofungwa kwa kutotumika, nenosiri alilobadilisha mtu: yote hayo hujulikana siku hiyo, badala ya siku ya msiba.

SWALI: Laini yetu ni ya Gbps 1 na watumiaji wanalalamika imejaa, lakini grafu haipandi hata siku moja zaidi ya Mbps 114 hivi. Programu inasoma SNMP (njia ya kusoma vipimo vya vifaa vya mtandao) kila dakika tano.

JIBU: Namba yako ya 114 inaeleza kila kitu. Unasoma kaunta ya biti 32, ifInOctets, ambayo hufika baiti 4,294,967,296 kisha huanza tena sifuri. Zidisha kwa 8, gawa kwa sekunde 300, upate karibu Mbps 114.5. Grafu haiwezi kupita hapo hata laini ikiwaka moto. Kwa kasi kamili ya Gbps 1 kaunta hiyo hujaa kila sekunde 34, yaani karibu mara tisa kati ya usomaji mmoja na unaofuata, na programu haina namna ya kujua ni mara ngapi.

Soma kaunta za biti 64, ifHCInOctets na ifHCOutOctets, kwa namba zao za SNMP:

1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6
1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.10

Hazipatikani kwa SNMP toleo la 1, kwa hiyo angalia programu yako imewekwa toleo gani, huenda hilo ndilo kosa lote. Ukiwa hapo, nenda moja kwa moja toleo la 3 kwa kiwango cha authPriv, SHA kwa uthibitisho na AES kwa usiri. Toleo la 2c hutuma neno lake la siri waziwazi kwenye waya, na neno hilo kwenye vifaa vingi bado ni public. Toleo la 3 lina tabia moja ya kuijua mapema: funguo za mtumiaji hufungwa na kitambulisho cha injini cha kifaa. Ukibadilisha swichi iliyoungua kwa nyingine na kunakili mipangilio, mtumiaji wa SNMP itabidi aundwe upya.

Weka pia snmp-server ifindex persist. Bila hiyo namba za poti zinaweza kuhama kifaa kikiwaka upya, na grafu ya laini ya intaneti ikaanza kuchora printa.

SWALI: Laini ya tawi moja ikikatika kwa dakika mbili, simu yangu inapokea ujumbe zaidi ya thelathini. Nimeanza kuzima arifa hizo. Nifanyeje?

JIBU: Umefanya ambacho kila binadamu angefanya, na ndiyo hatari yenyewe: siku ya ujumbe wa kweli hutausoma.

Anza na utegemezi. Programu za ufuatiliaji kama Zabbix, LibreNMS na nyingine zina sehemu ya kueleza kwamba vituo vya Wi-Fi hutegemea swichi, swichi hutegemea ruta, na ruta hutegemea handaki. Handaki likianguka, upate ujumbe mmoja wa handaki, na vifaa vilivyo nyuma yake vinyamaze. Halafu ongeza subira: pima kila sekunde 60, na ujumbe utoke baada ya kukosa majibu mara tatu mfululizo. Kukatika kwa dakika mbili kutabaki kwenye grafu bila kumwamsha mtu.

Kisha pitia orodha yako na ujiulize kwa kila ujumbe: nikiupata usiku, nitainuka kufanya nini? Kama jibu ni hakuna, uende kwenye ripoti ya asubuhi. Matumizi ya prosesa asilimia 90 kwa dakika moja ni ya asubuhi. UPS kuhamia kwenye betri ni ya usiku.

Vipo vipimo viwili ambavyo watu huviacha, na ndivyo hutabiri ajali. Cha kwanza ni makosa ya CRC kwenye poti, yaani pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika. Isiwe namba yenyewe, bali kasi ya kuongezeka kwake. Poti iliyokuwa sifuri mwaka mzima ikianza kuhesabu, kebo au moduli inaelekea kufa. Cha pili ni nguvu ya mwanga kwenye moduli za faiba, inayosomwa kwa dBm. Kiwango cha 10GBASE-LR (faiba ya Gbps 10) kinataka mpokeaji apate angalau -14.4, lakini usisubiri ifike huko. Andika namba ya siku faiba ilipounganishwa, na ujumbe utoke ikishuka kwa dB 3, maana hapo nusu ya mwanga imepotea. Mara nyingi ni kichwa chenye vumbi au faiba iliyokunjwa mlangoni mwa kabati.

Na anayefuatilia naye afuatiliwe. Seva yako ya ufuatiliaji ikizima, ukimya wake utafanana na siku njema. Ipe kazi ya kutuma ishara kila dakika tano kwa huduma iliyo nje ya mtandao wako, na huduma hiyo ndiyo ikupigie ishara isipofika. Ujumbe wa simu utoke kupitia modemu yake yenyewe, usipitie intaneti inayofuatiliwa.

SWALI: Kumbukumbu za swichi zetu zinaonyesha *Mar 1 na saa za ajabu. Zina maana gani?

JIBU: Swichi haijui saa. Nyingi za Cisco huwaka zikidhani ni tarehe 1 Machi 1993, na ile nyota mwanzoni inasema muda huu usiaminike. Weka seva mbili au zaidi za NTP (UDP 123), eneo moja la saa kwa vifaa vyote hata kama viko nchi tofauti, kisha tuma kumbukumbu kwenye seva ya syslog (UDP 514), inayozikusanya mahali pamoja, hadi ngazi ya 6, ya taarifa za kawaida. Ngazi ya 7 iache kwa siku ya uchunguzi. Kumbukumbu zilizo ndani ya swichi peke yake hufutika umeme ukikatika, na hapo ndipo unapozihitaji.

SWALI: Mfanyakazi mwenzetu ameacha kazi na sote tulikuwa tukitumia akaunti moja ya admin. Tunafikiria seva ya TACACS+, inayothibitisha watumiaji wa vifaa vyote. Ikizima, hatutafungiwa nje?

JIBU: Badilisheni nenosiri la vifaa vyote leo, pamoja na maneno ya siri ya SNMP na funguo za VPN alizokuwa nazo. Kisha endeleeni na TACACS+ (TCP 49), kila mtu na akaunti yake. Kwa woga wenu, mstari ni huu:

aaa authentication login default group tacacs+ local

Akaunti ya ndani ya kifaa hutumika pale tu seva isipojibu. Seva ikijibu kwamba nenosiri si sahihi, kifaa hakiendi kwenye akaunti ya ndani. Kwa hiyo ijaribuni kwa kuizuia seva kabisa, si kwa kuandika nenosiri baya. Akaunti hiyo ya ndani iwe na nenosiri refu, lililoandikwa na kufungiwa kwenye sefu.

SWALI: Tawi likipotea sijui kama ni umeme au laini. Na je, niweke kifaa cha kuzima na kuwasha umeme kwa mbali?

JIBU: UPS yenye kadi ya SNMP itakuambia. Soma chanzo cha umeme, 1.3.6.1.2.1.33.1.4.1.0: jibu la 3 ni hali ya kawaida, 5 ni betri. Dakika zilizobaki ziko 1.3.6.1.2.1.33.1.2.3.0. Ili taarifa hiyo ikufikie, kifaa cha mtoa huduma kinachopokea faiba nacho kichomekwe kwenye UPS. Mara nyingi ruta iko kwenye UPS na kile kisanduku kidogo cheupe kimechomekwa ukutani, umeme ukikatika vyote vinapotea kwa pamoja.

Tawi likirudi, soma sysUpTime ya ruta, 1.3.6.1.2.1.1.3.0, iliyo kwa sehemu za mia za sekunde. Ikiwa ndogo, umeme ulikatika. Ikiwa kubwa, ruta haikuzima na laini ndiyo ilianguka. Kaunta hiyo hurudi sifuri yenyewe kila baada ya siku 497, usidanganyike.

Kifaa cha umeme kwa mbali ni kizuri, hasa kwa modemu zinazoganda. Andika kwenye kila tundu jina la kinacholishwa, kwenye kifaa chenyewe na kwenye programu. Na kwa tundu linalolisha ruta au modemu unayopitia, tumia amri ya kuzima-na-kuwasha, inayotekelezwa na kifaa chenyewe baada ya sekunde 10 hivi. Ukichagua kuzima tu, hutakuwa na njia ya kurudi kuwasha.